Wajukuu zangu wa kijiweni Masasi, mwacheni Mkapa apumzike

Marahaba wajukuu. Juzi nilikaa jirani na nyie nangoja bodaboda, nikawasikiliza toka saa nane mpaka jua linazama, kazi moja tu, eti Mkapa asingeuza viwanda vya korosho leo Masasi ingekuwa Dubai, mwingine akadakia hata treni ingekuwepo. Treni ipi? Reli ya Nachingwea walijenga Waingereza kwa ajili ya karanga zao, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, huyo Mkapa ndo kwanza anamaliza Makerere!

Haya, tuseme hakuuza. Mle ndani kulikuwa na nini? Bibi yenu alikuwa mbanguaji, anarudi jioni vidole vyeusi tii, mafuta ya ganda yamemla ngozi, hata kumenya muhogo anaomba msaada. Miaka ya themanini wakaambiwa wabaki makwao, korosho hamna. Na kweli hazikuwepo, maana msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000, kufika 1986/87 hata 20,000 hazikutimia, sisi tumehamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho tumeiacha porini, bei mbovu, ugonjwa wa ubwiri unga nao ukaimalizia. Popo walishazaa kwenye zile mashine kabla Mkapa hajaingia Ikulu 1995. Simtetei lakini. Kuna waliouziwa wakageuza kiwanda ghala, serikali ikatazama tu, na korosho ghafi zikaendelea kupanda meli kwenda India, hapo namlaumu mpaka kesho japo ni mtoto wa Lupaso, wa kwetu kabisa.

Daraja la Rufiji alilotujengea ndo msiliguse. Hamjalala kivukoni Ndundu nyie. Mie nimelala pale siku tatu, mvua juu, pantoni mbovu, mama mmoja kuku wake wote wamefia kwenye tenga, analia kama kafiwa na mtu. Hiyo shida imeisha 2003.

Gesi, benki, ada ya shule ya msingi, hayo mengine ya Mkapa bishaneni wenyewe.

Kilichoniuma ni kingine. Yule aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote, "alituuza! alituuza!", namjua. Mwezi wa nane korosho za marehemu baba yake zingali maua mtini, yeye kashazimaliza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa magendo, kanunua simu. Wenzake wakipeleka ghalani wanangoja mnada yeye yupo kijiweni na Mkapa wake.

Mjukuu, Ijumaa ukitoka msikitini pitia hapa nyumbani na hiyo simu. Nataka uniambie imemeza magunia mangapi.