Anameza mume akirudi, anaacha akiondoka: tuwaambieje?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii katika mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Ilemela, Mwanza. Tunaomba ushauri wa madaktari na wasomaji.

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hurudi nyumbani siku chache. Wake zao wengi wanafuata ratiba hiyo kwa vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba: mume akifika wanameza, akiondoka wanaacha. Wanasema wanapumzisha kizazi, maana wameambiwa ukimeza mfululizo utakuwa mgumba.

Hapo ndipo wanapoumia. Pakiti ina vidonge 28: 21 vya homoni na 7 vya kahawia vyenye madini ya chuma tu. Asiyeanza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi atumie kondomu mpaka ameze vya homoni siku 7 mfululizo. Anayeanza siku mume anaposhuka mtumbwini hana kinga mpaka mume anakaribia kuondoka. Akikatisha pakiti katikati, homoni zinashuka na damu inatoka baada ya siku mbili tatu. Damu hiyo ndiyo mama mkwe anayoishika kuwa ushahidi kwamba kizazi kimeharibika!

Vidonge haviharibu kizazi, wala hakihitaji kupumzishwa. Ukiacha, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki chache. Inayochelewesha ni sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu: kwa wastani mimba huja miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, nayo haileti ugumba. Aliyetoka kwenye sindano akameza vidonge kidogo, akichelewa kushika mimba, lawama inaangukia vidonge. Aliyekuwa na hedhi ya kurukaruka tangu zamani, itaruka tena akiacha. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa yanaweza kuziba mirija ya uzazi, lakini hayo hayasemwi, na mume hapelekwi kupimwa. Hilo linatuuma sana.

Tukiwaambia wameze kila siku hata mume akiwa visiwani, wanauliza wanajikinga na nani, na majirani watafikiri nini. Kijiti cha kuzuia mimba, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinakaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na uzazi hurudi upesi kikitolewa. Ila pakiti inafichika kwenye pindo la kanga. Kijiti mume anakipapasa mkononi.

Je, tuwasukume kwenye kijiti, au tushikilie vidonge vya kila siku? Na mama mkwe aingiweje bila mke kupata matatizo nyumbani? Waliofanikiwa kuwakalisha waume na wakwe kwenye mialo mingine, walianzia wapi?

Wahudumu wa afya ya jamii,
Ilemela