Kabla hatujaupiga rangi mlango wa gari lako la mkopo

Mwezi uliopita dada mmoja, mtumishi wa wizara kule Mtumba, alituletea gari alilolichukua kwa mkopo wiki tatu tu nyuma. Gari dogo la rangi ya fedha, used ya Japan, namba E, ndani bado linanukia marashi ya yadi. Shida ilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto: rangi imeanza kufura vipele karibu na tairi. "Fundi, nifanyie leo leo, mume wangu bado hajaona."

Nikachukua sumaku. Tunayo ndogo tuliyoivika kitambaa isichubue rangi. Kwenye fenda ikashika. Mlango wa mbele ikashika. Mlango wa nyuma, juu karibu na kioo ikashika, chini ikateleza mpaka kwenye vumbi. Chini ya ile rangi palikuwa na puti, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea, nene kama chapati. Tukaleta na kipima unene wa rangi: paneli nyingine zilisoma maikroni 110 hadi 130, kiasi cha kawaida cha rangi ya kiwandani. Pale mlangoni kikapita 1,000.

Nikamuuliza aliambiwa nini siku ya kununua. Akafungua simu, akanionesha ujumbe wa muuzaji: "Hili halijaguswa dada, rangi ni ya kiwandani kote." Basi nikamwambia leo sipigi rangi. Akanishangaa, fundi gani anakataa hela siku ya Jumamosi? Lakini nikiupiga msasa ule mlango, ushahidi wake wote unaondoka na maji ya kuoshea.

Tangu serikali ihamie Dodoma, magari ya mkopo tunayapokea kila wiki hapa Kizota, na maswali ni yale yale. Ndiyo maana naandika.

Kilichoonekana na kilichofichwa

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo aliyoyatoa na chenye ubora unaouzika. Lakini sheria hiyo hiyo ina jicho la pili: kama mnunuzi amekikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionesha. Kwa hiyo bampa lililochubuka, mkwaruzo wa funguo mlangoni, fenda iliyobonyea kidogo, vyote ambavyo uliviona au ungeviona kama usingekuwa na haraka ya kwenda kupiga picha na gari jipya, umevinunua pamoja na gari.

Vivyo hivyo boneti iliyopauka na paa linalobanduka kleari, ile tabaka ya juu inayong'aa. Hilo ni jua na umri, na jua la Dodoma mnalijua. Taa za mbele zikiwa za njano kama chai ya maziwa, huo nao ni uzee, si utapeli. Mteja akija kwangu na madai ya namna hiyo namwambia ukweli: lipia kung'arishiwa rangi, hapo hakuna kesi.

Kilichofichwa ni habari nyingine. Muuzaji akikuambia gari halijagongwa, nawe ukalinunua kwa kuamini neno hilo, kumbe limejazwa puti, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa mlango wa kuupinga mkataba uliopatikana kwa maelezo ya uongo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ila Sheria ya Mikataba nayo inauliza kama ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu. Ndiyo maana ujumbe wa yule dada ulikuwa na thamani kuliko maneno yote ya mdomoni, na ndiyo maana sumaku ya shilingi elfu chache ni ya maana kabla ya kununua kuliko baada.

Wengi wanakuja wakitaka kurudisha gari. Kwa kasoro ya sura tu, usitegemee sana. Mara nyingi unachoweza kudai kikakaa ni fidia au punguzo la bei. Tukifungua na kukuta chesisi imenyooshwa, hapo hatuzungumzii urembo tena, tunazungumzia usalama, na madai yanabadilika uzito.

Na lile bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Pamoja na kile kifungu cha mkataba kinachosema gari linauzwa "kama lilivyo", vinaweza kumlinda muuzaji kwa vitu ulivyoviona ukavikubali. Havimsafishi mtu aliyedanganya.

Hela ni za nani?

Hili ulijue kabla hujaanza kugombana. Mkopo wa mshahara unaoingia kwenye akaunti yako, ukaenda mwenyewe yadi, hauhusiani na gari kabisa. Benki ilikukopesha hela, ulichonunua ni juu yako. Mkopo wa gari, ambapo taasisi inamlipa muuzaji na kadi inatoka kwa majina mawili, lako na lao, nao una mikataba miwili: wa mauziano kati yako na yadi, na wa mkopo kati yako na taasisi. Kasoro ya rangi iko kwenye ule wa kwanza. Ni pale tu yadi yenyewe inapokuuzia kwa kulipa kidogo kidogo ndipo anayekudai na aliyekuuzia wanakuwa mtu mmoja.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kuna kaka alikasirishwa na mikwaruzo akaamua kusimamisha marejesho "mpaka wanirekebishie". Yadi ilikuwa imeshalipwa hela yake yote, haikuhisi chochote. Aliyekosa hela ni mkopeshaji, na mkopeshaji akapeleka taarifa zake kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji. Mwishowe gari lilifuatwa nyumbani kwake Nkuhungu likiwa na mikwaruzo ile ile. Endelea kulipa rejesho huku unadai. Inauma, lakini lipa.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme mikwaruzo ya gari unalolitaka inahitaji kazi ya shilingi 500,000. Muuzaji anakuambia, "Saini tu kaka, rangi utapiga mwenyewe taratibu." Kama hujapunguziwa bei, hiyo 500,000 imeingia kwenye mkopo. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hata ukishaanza kulipa, miaka mitatu, riba yake peke yake ni 270,000. Unalipa 770,000 kwa rangi ambayo haipo kwenye gari, halafu unakuja kwangu kuilipia tena. Punguzo lidaiwe kabla taasisi haijaandika kiasi cha mkopo. Na ahadi ya "tutakupigia rangi baadaye" iandikwe ndani ya mkataba wa mauziano, mbele ya wakili, paneli ipi na kabla ya tarehe ipi. Muuzaji akikataa kuiandika, ujue hakuwa na nia.

Taasisi nyingi hutuma mthamini kabla ya kutoa hela. Ripoti yake huwa na picha za gari pande zote. Watu hawaiombi kabisa! Omba nakala. Ni mtu wa tatu, asiye wako wala wa yadi, ameandika gari lilivyokuwa siku ile.

Karatasi ya mnada

Kwa gari lililotoka mnadani Japan, uliza karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na herufi kila sehemu yenye kasoro. A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 mkubwa. U ni sehemu iliyobonyea. W ni sehemu iliyokwisha kunyooshwa na kupigwa rangi. XX ni paneli iliyobadilishwa. Daraja la jumla likiwa R au RA, gari lina historia ya ajali iliyotengenezwa. Linganisha na namba ya chesisi, maana karatasi ya gari jingine hutembea vizuri tu mikononi mwa madalali. Na kumbuka karatasi inaishia Japan: kilichotokea melini, bandarini na barabarani hakimo.

Mkwaruzo uliozaliwa katikati

Kati ya siku uliyolikagua gari na siku ya kukabidhiwa hupita wiki, wakati mwingine mbili. Linatoka Dar kwa barabara, kilomita kama 450, nyuma ya malori yanayorusha kokoto. Linafungwa kifaa cha kufuatilia. Linasogezwa sogezwa yadini na vijana wasio na leseni. Kama muuzaji alikuwa bado ana kazi ya kufanya kulikamilisha gari kabla ya kukupa, kwa kawaida hasara ya wakati huo ni yake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Dashibodi ikichubuliwa na fundi wa kifaa aliyeletwa na mkopeshaji, mwandikie mkopeshaji, usihangaike na yadi.

Siku ya makabidhiano, usisaini kwanza. Zunguka na simu, piga video moja isiyokatika, anzia namba ya gari, malizia namba hiyo hiyo. Gari liwe limeoshwa na kukauka: maji huficha mikwaruzo, na vumbi letu hili jekundu huficha zaidi. Angalia bolti za fenda na boneti kama zina alama za spana. Pitisha kucha kwenye mpira wa mlango. Ukikuta ukungu wa rangi juu ya mpira, mtu amepuliza hapo. Chochote utakachokiona kiandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, wote wawili muweke sahihi. Risiti ya EFD iwe na bei halisi uliyolipa, si ile ya "kukusaidia".

Usijidanganye kwamba bima kubwa itamaliza. Bima inalipa ajali iliyotokea baada ya kukatwa, na kampuni nyingi hupiga picha gari kabla. Wapo wanaotuomba tuwaandikie tarehe mpya kwenye mkwaruzo wa zamani. Hatuandiki.

Ukidai, anza kwa maandishi kwa muuzaji: kasoro, tarehe uliyoigundua, picha, na kiasi unachotaka. Mpe siku kadhaa. Akinyamaza, malalamiko dhidi ya mfanyabiashara aliyekupotosha yanapelekwa Tume ya Ushindani. Yanayomhusu mkopeshaji yanaanzia kwake, yasipotatuliwa yanakwenda Benki Kuu. Mahakama ipo, ila kwa mlango mmoja uliojazwa puti, nauli na muda vinaweza kuzidi unachodai. Na kama unataka kubadilisha rangi ya gari zima, simama hapo: rangi imeandikwa kwenye kadi, na kadi mna ubia. Ruhusa ya mkopeshaji kwanza.

Yule dada tulimwandikia ripoti ya ukurasa mmoja: picha za kipima rangi kila paneli, ya sumaku, namba ya chesisi, tarehe. Akaiambatanisha na ule ujumbe wa "halijaguswa" akaipeleka yadi. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya nne wakampigia simu, wakamrudishia 450,000 kwa maandishi, na yeye akasaini kwamba hadai tena kuhusu mlango huo.

Mlango tuliubandua Jumatano, tukatoa ile chapati yote, tukanyoosha bati, tukapuliza. Mumewe ndiye aliyekuja kulichukua gari. Alikuwa ameona tangu siku ya kwanza.