Badugi haitaki jozi

Mhariri,

Vijana wanaocheza karata Kirumba wameanza kujifunza badugi, aina ya poka, ila wanaingia na mazoea ya poka ya kawaida, na hapo ndipo wanapoumia. Kwenye badugi jozi ni hasara. Unapewa karata nne, unabadilisha mara tatu, na mkono mdogo ndio unaoshinda. Ree ni moja. Zote nne ziwe na namba tofauti na alama tofauti. Mbili zikigongana, moja haihesabiwi.

Tuseme una ree ya kopa, 2 ya pau, 3 ya uru na 4 ya kopa. Tupa hiyo 4, usubiri shupaza. Kati ya karata 48 usizoziona, 10 tu zinakufaa: kama moja kwa tano kila unapobadilisha, au nusu kwa nusu ukibadilisha mara zote tatu.

Kosa kubwa ni kuvunja mkono uliokamilika kwa sababu una karata kubwa. Nne kamili, hata mbovu, hushinda tatu yoyote. Mpinzani akiomba karata moja mwishoni, tulia.

Na wanaoanza wacheze kwa kunde, si kwa hela ya dagaa.

Wacheza karata,
Kirumba, Mwanza