Kagua kabla ya kulipa: vitabu vya mtumba vina raha yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vitabu vya mtumba, hivi vinavyotandazwa juu ya turubai sokoni na kandokando ya barabara hapa Tabora. Tumezoea kulaumiana kwamba Watanzania hatusomi. Mimi naona kuna sababu moja ndogo isiyosemwa: wengi wamewahi kununua kitabu kilichotumika, wakafika nacho nyumbani, wakakuta mwisho wa hadithi haupo au kurasa zinabaki mikononi. Mtu akishapatwa na hilo mara mbili, hela inayofuata anaipeleka kwenye vocha. Raha ya kitabu cha bei ndogo ipo, tena si haba, ila inamtaka mnunuzi ajue kukikagua, kukitibu na kukitunza.

Ukaguzi hauzidi dakika tano, na hauanzi na jalada. Anza na namba za kurasa. Kiwandani karatasi kubwa huchapwa, ikakunjwa ikawa fungu la kurasa 16, au 32, kisha mafungu hupangwa na kushonwa au kugundishwa mgongoni. Ndiyo maana kitabu kilicholegea mara nyingi hupoteza fungu zima kwa mpigo. Tazama kwenye mipaka: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama kurasa za mwanzo zina namba za Kirumi mipaka itasogea kidogo, kwa hiyo ni salama zaidi kupitisha kidole gumba kwenye pembe ya juu ukifuata namba zote. Lipo pia kosa la kiwandani linalowadanganya hata wauzaji: fungu moja limewekwa mara mbili na linalofuata halimo. Kurasa 33 hadi 48 zinajirudia, kisha unarukia 65. Kitabu hicho ukikishika ni kinene, kizima, kinang'aa, na hakisomeki. Mwisho fungua ukurasa wa mwisho kabisa uone kama sentensi inaishia kwenye nukta. Ukurasa unaokosekana pengine ulishafungia karanga za abiria pale Stesheni.

Baada ya hapo tazama mgongo kutokea juu. Ukiona mafungu madogo yaliyopinda, na uzi katikati ya kila fungu, kitabu kimeshonwa. Hata kikiwa na miaka 50 kitakuvumilia. Ukiona karatasi zimenyooka na kushikwa na gundi tu, kifungue katikati taratibu. Kikitoa mlio wa kukatika, gundi imekauka na karatasi zitaanza kutoka moja moja. Jua ndilo linaloikausha. Kitabu kilichoanikwa juu ya turubai mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, huzeeka upesi kuliko kilichokaa kabatini miaka mingi. Cha gundi kavu usikikatae kama unakihitaji, ila bei ishuke, na usikilaze wazi kifudifudi.

Nusa pia, usione aibu. Karatasi ya zamani ina harufu tamutamu kidogo, kwa sababu mbao iliyomo ndani yake inaoza polepole, na hiyo haina neno. Harufu ya uvundo, kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ni ukungu, na ukungu huhamia kwa jirani zake kabatini. Kisha kipige kidogo juu ya karatasi nyeupe. Vitobo vya zamani havina shida, lakini ukiona unga mpya umedondoka, mdudu bado yumo ndani anakula.

Kwa mpenzi wa vitabu, ukurasa wa jina ndio wenye uhondo. Hapa kwetu bado hupatikana vitabu vya Kiswahili vyenye maneno T.M.P. Tabora, yaani vilichapwa na kiwanda cha wamisionari cha Kipalapala, nje kidogo ya mji. Kitabu chenye neno Tanganyika kwenye anwani ya mchapishaji kwa kawaida ni cha kabla au karibu na mwaka 1964. Bei iliyochapwa kwa mkwaju, mfano Sh. 3/50, nayo ni ya zama za senti. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 10 ni ya kabla ya mwaka 2007, yenye 13 ni ya kuanzia hapo, na ukikuta ndani yake 9976 au 9987 ujue mchapishaji ni wa Tanzania. Halafu kuna yale ya mkononi: jina la mwanafunzi na kidato chake, maana ya neno iliyoandikwa pembeni kwa penseli, mstari uliopigwa chini ya sentensi ambayo wewe ungeipita. Ya penseli yanafutika kwa raba laini ukitaka. Mimi ningeyaacha.

Ila muhuri ni jambo jingine. Kitabu chenye muhuri wa shule au maktaba bila alama yoyote kwamba kimeondolewa kwenye orodha, au kilichoandikwa kwamba hakiuzwi, kirudishwe kinakotoka. Na mzazi anayetafuta vitabu vya kiada amuulize kwanza mwalimu: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu vingi vilivyoko chini pale ni vya mtaala uliopita. Kwa hadithi, ushairi na historia hilo halikuhusu.

Tiba sasa. Kitabu chenye wadudu hufungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni, hewa ikakamuliwa, kikawekwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka kisifunguliwe hadi zipite saa 24, ili umande ukae juu ya nailoni na si juu ya karatasi. Uvundo hupunguzwa kwa mkaa: chukua ndoo kavu yenye mfuniko, weka kopo wazi lenye vipande vya mkaa, simamisha kitabu pembeni yake kurasa zikiwa zimeachana, funika siku 7 hadi 14. Mkaa usikiguse. Kitabu kilicholowa kisimamishwe kivulini penye upepo siku hiyo hiyo, maana ukungu huweza kuota ndani ya saa 48. Kukianika juani ni kukipinda na kukifanya cha njano. Vile vya picha vyenye karatasi za kuteleza vitenganishwe ukurasa kwa ukurasa vikiwa bado vibichi. Vikikaukiana, hakuna fundi.

Ukurasa uliochanika usiuguse kwa selotepu. Plastiki yake hubanduka baada ya miaka michache na gundi hubaki imezama kwenye karatasi, doa la kahawia lisilotoka. Tumia gundi ya unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji. Koroga kwanza kwa maji baridi, la sivyo yatakuwa madonge. Kisha bandika kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga mpaka uwe mzito na wa kung'aa. Ukipoa, paka kidogo sana kwenye mchaniko, weka juu ukanda wa karatasi nyepesi inayoonyesha upande wa pili, tenga kurasa za jirani kwa nailoni, kandamiza kwa tofali usiku kucha. Uzuri wa gundi hii ni kwamba ukikosea, maji huibandua. Ubaya wake, mende wanaipenda, kwa hiyo usimwage nyingi, na itumike siku hiyo hiyo kabla haijachacha. Mgongo ulioachia unahitaji gundi nyeupe ya maseremala, ambayo hubaki laini. Zile gundi za matone za kushika papo kwa papo hukauka kama kioo na kuvunjika kitabu kinapofunguliwa.

Kuhusu mchwa, watu wa Tabora hatuhitaji mhadhara. Kabati la mninga haliliwi kirahisi, lakini kitabu kilichomo hakikuchongwa kwa mninga. Rafu ikae mbali na ukuta, angalau sentimita 10, miguu yake iwe ndani ya makopo yenye oili chafu, na kila baada ya wiki mbili uchungulie nyuma kutafuta njia ya udongo. Boksi lililowekwa sakafuni ni chakula kilichoandaliwa. Majani makavu ya mwarobaini yanasaidia kufukuza baadhi ya wadudu, ila mchwa aliyekwisha jenga njia hayamstui. Vitabu visimame wima bila kubanana. Ukivuta kimoja kwa kichwa cha mgongo kutoka kwenye msongamano ndipo mgongo unapochanika, hivyo sukuma vya jirani nyuma kidogo, ukishike kiunoni.

Na kwa wanaosema hata bei hiyo ni mzigo, vitabu vinaweza kuchezwa kama upatu. Watu watano, kila mmoja ananunua kimoja, kila mmoja anakaa nacho wiki mbili kisha anampa wa jirani yake. Ndani ya wiki kumi kila mtu amesoma vitano kwa gharama ya kimoja. Wekeni daftari dogo la kuandika nani ana nini na tarehe, na mkubaliane mapema kuwa anayepoteza hununua kingine, maana michezo mingi ya namna hii hufia kwa mtu mmoja ambaye "kitabu kipo nyumbani." Chagueni vyembamba kwa kuanzia. Kitabu cha kurasa 120, ukisoma kumi kila jioni na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, kinaisha kabla ya wiki mbili bila kukimbizana. Na anayesafiri kwa treni kwenda Kigoma anaweza kukimaliza njiani.

Kwa wauzaji nina ombi la mambo mawili. Kamba ya katani inayofunga mafungu hukata kingo za majalada. Wekeni kipande cha boksi juu na chini kabla ya kukaza. Na kuanzia saa tano asubuhi vutieni turubai kwenye kivuli cha mwembe. Miembe mjini haikosekani.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora