Kiwanja cha mwaka 1299

Southampton, Uingereza, Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wote hapo Ngamiani, Tanga. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Pesa ya dawa za Mama nimeituma Jumatatu, naomba mnijulishe ikifika.

Leo nataka nikusimulie mchezo wa huku unaoitwa bowls, maana nilipouona nilikukumbuka mpaka machozi yakanilenga.

Yule mzee ninayemhudumia aliomba nimpeleke na kiti chake cha magurudumu kwenye kiwanja kimoja karibu na bandari, hatua chache kutoka ukuta wa mji wa kale. Ni majani matupu, yamekatwa chini kama zulia la msikitini. Watu wanavingirisha matufe wakilenga kipira cheupe kidogo wanachokiita jeki. Tufe lililolala karibu zaidi na jeki ndilo lenye pointi. Ukipita njia utadhani ni mchezo wa watoto. Kumbe tufe lenyewe halina usawa pande zote mbili, limetengenezwa hivyo makusudi: linakwenda kama limenyooka, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo linavyopinda. Kwa hiyo mchezaji halengi jeki. Analenga mahali patupu pembeni.

Mzee mmoja alilifuta tufe lake kwa kitambaa, akainama mpaka goti likakaribia ardhi, akaliachia taratibu kama anayemlaza mtoto. Lilikwenda kando kabisa. Nikajua amekosa. Yeye akabaki ameinama vilevile, mkono bado mbele, na watu wote kimya. Mwishoni mwishoni likageuka, likaja kujilaza ubavuni mwa jeki.

Baba, wenyewe wanahesabu kwamba majani hayo yamechezewa tangu mwaka 1299, na yanatajwa kuwa ndicho kiwanja kikongwe kuliko vyote duniani kwa mchezo huu ambacho bado kinatumika. Wewe uliyenifundisha habari za Kilwa utaelewa ukubwa wa jambo hili. Yule msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, hapa tayari walikuwa wameshacheza miaka 32.

Na haukuwa mchezo wa kila mtu. Mfalme Henry wa Nane alitoa sheria mwaka 1541: mafundi, vibarua na watumishi marufuku kuucheza isipokuwa siku za Krismasi, tena nyumbani kwa bwana zao. Mwenye mali alikuwa na njia ya kupata kibali acheze uani kwake. Serikali ilitaka watu wa chini washinde wakijifunza kupiga mishale, waje kufaa vitani. Sheria hiyo haikufutwa mpaka 1845. Miaka 304! Niliposikia hivyo niliwatazama wale waliokuwa wanacheza, nikaona mikono yao ni mikono ya kazi kama yako.

Lakini kilichonigusa zaidi ni shindano lao la kila kiangazi, lililoanza mwaka 1776 na bado lipo. Jeki inawekwa juu ya sarafu ya peni moja, kila mtu ana matufe mawili, na wa kwanza kufikisha pointi 7 ndiye mshindi. Pointi haziji kirahisi, shindano linaweza kuchukua siku kadhaa. Waamuzi wanavaa makoti yenye mikia nyuma na kofia nyeusi ndefu, wanainama kupima kwa makini. Mshindi anapewa nishani, na pale kiwanjani anaitwa Sir. Kisha hashindani tena maisha yake yote. Anavaa kofia na kuhamia upande wa waamuzi. Hivyo kila anayepima leo aliwahi kupimiwa na waliomtangulia, mtu kwa mtu, mpaka mwaka ule wa 1776.

Nikaiwaza baraza yenu ya bao chini ya mwembe. Yule marehemu kutoka Pangani aliyekuwa anahesabu kete kwa macho, bila kugusa shimo, na kukwambia mtaji, ule mzunguko wa kula kete, utaishia wapi, nani ameandika jina lake? Nani alikaa hapo kabla yenu, na mwembe ulipandwa na nani? Mimi mwanao sijui, na nimekulia hapo nikiwaletea kahawa. Inaniuma.

Kwa hiyo nakuomba, Baba. Shemeji anakuja Tanga mwezi ujao, nimempa madaftari mawili makubwa na kalamu pakiti nzima. Andika majina: waliocheza, waliokufundisha, nani alimfunga nani mpaka mtaa ukazungumza. Mkono ukichoka, mwambie mdogo wangu akuandikie huku unasimulia. Asifupishe wala asirekebishe Kiswahili chako. Anza na yule wa Pangani.

Msalimie Mama na majirani wote. Waambie wazee wa barazani shikamoo zao.

Mimi mwanao akupendaye.