Bodi itamsimamiaje bosi ambaye haikumwajiri?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako.

Kila ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka tunasoma hasara za mashirika ya umma alafu mtaani kelele ni zilezile, mkurugenzi mzembe, mkurugenzi atumbuliwe. ATCL, kampuni yetu ya ndege ya Air Tanzania, ndo wimbo wa kila mwaka, hasara shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23, uliofuata bilioni 91.8. Sawa tupige kelele, ila mbona hatuulizi bodi ilikuwa wapi?

Angalieni inavyokuwa kwenye mashirika yetu mengi. Mwenyekiti wa bodi anateuliwa na Rais, wajumbe anateua waziri, na mkurugenzi mkuu naye ni mteule wa Rais. Sasa mjumbe yuko kikaoni analetewa mkataba haueleweki, atamfanya nini mkurugenzi? Hakumwajiri, hawezi kumfukuza, na barua ya bosi imetoka juu kuliko ya kwake. Atauliza swali moja la heshima, litaandikwa kwenye muhtasari, atasaini posho aende zake. 2021 mkurugenzi wa bandari alisimamishwa na Rais palepale alipokabidhiwa ripoti ya CAG, watu tukashangilia (na mimi nilikuwemo), lakini ukitulia unajiuliza, kama mpaka Rais ndo achukue hatua basi bodi inalipwa kwa kazi gani?

ATCL nao tusiwaonee. Ndege si zao, wanazikodi kwa Wakala wa Ndege za Serikali, yaani serikali ndo mwenye kampuni, ndo mwenye ndege, na ndo inachagua wa kuiendesha. Injini za zile Airbus A220 zimesumbua mashirika ya nje pia, hapo simlaumu mtu wa Dar. Ila bodi yenye nguvu ingesema kodi hii ya ndege hatuiwezi, ruti hii hailipi tuifunge. Nani atamwambia hivo aliyemteua?

Sasa cheki benki ya NMB. Serikali ina hisa kama asilimia 32 tu, zimebaki kwa wengine, toka 2008 wako soko la hisa Dar na kila mwaka lazima wasimame mbele ya wanahisa wajieleze, na Hazina inachukua gawio lake. Simaanishi tuuze kila kitu jamani, asilimia 49 ya Air Tanzania tuliwapa Wasauzi 2002 na 2006 tukairudisha wenyewe, tunajua ilivyokuwa. Ninachotaka mimi mkurugenzi aajiriwe na bodi na afukuzwe na bodi, nafasi itangazwe watu waombe, alafu shirika likianguka bodi nayo iondoke pamoja naye.

Na nyie waandishi, ripoti ijayo mkichapa picha ya mkurugenzi chini ya kichwa cha habari cha hasara, wekeni na majina ya wajumbe wa bodi, waliteuliwa lini na wamekaa vikao vingapi mwaka huo.

Msomaji wenu, Dar es Salaam