Nyumba ya mawe na mbao Wales: kabla hujalaumu uzee, angalia saruji

Simu nyingi tunazopigiwa sisi mafundi wa kukarabati nyumba za zamani majira ya baridi zinahusu unyevu. Mteja amenunua nyumba ya zamani huku Powys, chini mawe, juu fremu ya mwaloni, na sasa rangi inabanduka, kona zina ukungu, chumba cha kulala kinanuka. Tayari ameshaambiwa nyumba imezeeka, ukuta utobolewe na kujazwa kemikali ya kuzuia maji. Tunamwomba asitie saini kwanza.

Nyumba hizi zilijengwa zidumu. Nyumba ya Hafodygarreg, karibu na kijiji cha Erwood, ina mialoni iliyokatwa mwaka 1402. Mafundi wa kupima umri wa mbao waliujua mwaka huo kwa kulinganisha upana wa pete za ukuaji zilizomo ndani ya mbao na rekodi za mbao zenye miaka inayojulikana. Tŷ Mawr ya Castell Caereinion ni ya 1460. Mafundi wa enzi hizo waliuchonga mwaloni ukiwa mbichi, wakaunga ulimi na tundu, wakapigilia vigingi vya mbao. Panda darini na tochi: mara nyingi utakuta alama kama namba za Kirumi zimechorwa kwenye viungo, ili vipande visichanganyike siku ya kusimamisha fremu. Katikati ya nguzo walisuka fito, wakazikandika kwa udongo, nyasi na samadi. Aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika Tanga au Kilifi atauelewa ukuta huo mara moja.

Sehemu ya mawe nayo ina unene wa sentimita 60 hivi, pengine zaidi, na katikati yake ni vifusi na udongo. Haikutegemewa kuzuia kila tone. Mvua iliingia kidogo, kisha upepo ukaukausha ukuta kupitia chokaa. Karne ya 20 watu wakabandua chokaa, wakapiga lipu ya saruji na kupaka rangi za plastiki. Nyumba ya mbao hucheza kidogo msimu hadi msimu. Saruji haichezi, inapasuka. Maji yanapenya kwenye nyufa na kukosa pa kutokea. Yanashuka hadi boriti ya chini, ile inayolalia msingi wa mawe.

Kwenye nyumba moja ya shamba, tulipoibandua saruji, boriti hiyo ilionekana nzima usoni. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, ikatoka na unga wa kahawia uliolowa. Hatua chache pembeni, chini ya chokaa ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa, mwaloni uleule uliikataa bisibisi kabisa.

Kazi yetu ni kuitoa saruji taratibu kwa patasi, kuuacha ukuta ukauke, kukata palipooza tu na kuunga mwaloni mpya, kisha kupiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya wanyama, tabaka kwa tabaka. Ni ghali kuliko saruji na inachukua muda; hatuwezi kukuficha hilo. Chokaa mbichi ikipigwa na barafu inaharibika, kwa hiyo hatupigi lipu joto likishuka chini ya nyuzi 5. Wanaotaka kazi ya kiangazi wawasiliane nasi mapema.

Uliza pia kama nyumba yako imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ya Cadw, idara ya serikali ya Wales inayoshughulikia majengo ya kihistoria, daraja la I, II* au II. Ikiwamo, ulinzi unafika hadi ndani, na kuigeuza sura yake bila kibali ni kosa la jinai. Maombi hupelekwa halmashauri, au mamlaka ya hifadhi ya taifa kama upo ndani ya hifadhi. Michoro ya maombi tunaiandaa sisi.

Ukituandikia, tuma picha za ukuta kwa nje, mifereji ya paa, na usawa wa udongo ukilinganisha na sakafu ya ndani. Udongo ukiwa juu kuliko sakafu, au mfereji ukiwa umeziba, tutakwambia uanze na koleo na ngazi, na hatutakutoza kwa ushauri huo.